Mtu wa Dom kanywa Dom: hii shampeni ya laki sita ina nini?

Kwanza bei, tusipotezeane muda. Dom Pérignon ya mwaka 2013, chupa moja ya mililita 750, hapa Paris nimeinunua euro 219. Kwa hela ya nyumbani ni laki sita na ushee, hela ambayo mzee wangu kule Dodoma analipa vibarua wa kupogoa shamba la zabibu na chenji inabaki ya sukari. Msinione mchoyo kuanza na hela. Mi nimezaliwa kwenye zabibu, nimeamshwa alfajiri kwenda kufukuza ndege kwenye zabibu, nimekula zabibu mpaka meno yakaota ganzi, na maisha yangu yote neno Dom lilikua na maana moja tu, Dodoma, unapanda basi unaenda Dom, mtu anakupigia anauliza Dom kuna joto? Sasa ukija kuniambia kuna Dom nyingine imewekwa kwenye chupa inauzwa laki sita lazima nishtuke, na nikishashtuka lazima nionje.

Sababu alikua shemeji. Mume wa dada yangu kapata makaratasi ya kuishi huku, miaka saba anazungushwa, leo lete hiki kesho lete kile, hatimaye wiki ile barua ikaja. Na shemeji tangu nimfahamu ana msemo wake, "siku nikipata makaratasi tunafungua Dom." Nilijua ni maneno tu ya mtu aliyechoka. Alhamisi simu inaita, "Shem, changa." Tukachanga wanne: shemeji mwenyewe, dada, mi, na jamaa yetu wa Bukavu anayekaa jengo moja na sisi. Euro hamsini na tano kichwa. Wa tano ni jirani yetu wa Musoma, Msabato wa kweli kweli, hanywi hata chai ya rangi, huyo hakuchanga kitu ila mtaona mbele alivyokua wa maana kuliko sisi wote.

Nikiri kitu kimoja: haikua mara yangu ya kwanza kuiweka mdomoni. Miaka ya nyuma Dar nilialikwa besdei ya bosi wa rafiki yangu, sehemu moja ya starehe siitaji jina, chupa ikaja na fataki zinawaka, wahudumu wanne nyuma yake wamebeba bango, DJ akazima muziki, simu zote juu. Chupa ilikua imezikwa kwenye barafu tangu jioni na kabla ya hapo ilikua inakaa kwenye shelfu lenye taa za rangi, pambo. Nikapewa kidogo kwenye kale kaglasi kembamba karefu ka plastiki. Nikagida. Nikasikia baridi, gesi na uchachu, basi, kama soda ya ndimu iliyosahauliwa sukari. Kila mtu akasema "mmmh" na mi nikasema "mmmh". Baadae nikaja kusikia bili ya ile chupa, ilikua bei ya bodaboda mpya, namba haijafungwa. Tangu siku ile swali limekaa kichwani, hivi tatizo lilikua la kinywaji au la mimi?

Kwa hiyo nilipofika Ufaransa na nikapata siku ya mapumziko nilienda mwenyewe huko zinakotoka. Unapanda treni Gare de l'Est, saa moja na robo hivi unashuka Épernay, mji mdogo ambao una barabara inaitwa Avenue de Champagne, majumba ya kampuni yamepangana kama ikulu ndogo ndogo na chini ya miguu yako kuna mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba wa chaki, ya Moët & Chandon peke yao yana urefu wa kilomita 28. Fikiria kutoka katikati ya mji wa Dodoma mpaka uikute Makutupora na ubaki na hatua za ziada, yote hiyo chini ya ardhi imejaa chupa. Kutoka hapo nikapanda kwa mguu mpaka kijiji cha Hautvillers, kama kilomita sita, katikati ya mizabibu mifupi mifupi, imepogolewa mpaka unaionea huruma. Ndani ya kanisa la kijiji kuna jiwe jeusi sakafuni, hapo chini ndo kalala Dom Pierre Pérignon mwenyewe, mtawa mwenye jina la chupa. Nikasimama nikampa shikamoo yake. Mtu wa Dom kaja kumsalimia Dom.

Hapa sasa ndo uongo wa kwanza wa hii kitu, na niliupenda. Watu wengi wanaambiwa huyu mtawa ndo aligundua shampeni, kwamba alionja akaita wenzake akawaambia njooni haraka nakunywa nyota. Sio kweli. Hayo maneno ya nyota yametoka kwenye matangazo ya karne ya 19, mzee keshaoza siku nyingi. Alipewa kazi ya kusimamia stoo na mvinyo wa abasia, nyumba ya watawa, mwaka 1668, na miaka sita kabla, 1662, daktari mmoja Mwingereza anaitwa Christopher Merret alishasimama mbele ya wasomi wa London akaeleza jinsi wafanyabiashara wanavyoweka sukari kwenye mvinyo ili utoe mapovu. Na kinachochekesha zaidi, Dom Pérignon alikua anapambana na mapovu, hakuyataka! Huko ni baridi, mvinyo unaanza kuchachuka vuli, baridi kali ikija hamira inalala, watu wanadhani umemaliza, joto likirudi hamira inaamka chupa zinaanza kulipuka moja inaamsha nyingine. Wafanyakazi wa mahandaki baadae walikua wanavaa vinyago vya chuma usoni. Kama umewahi kufunga togwa kwenye chupa ya plastiki ukaisahau juu ya kabati unaelewa nazungumzia nini, ila hapa ni kioo.

Alichofanya kweli mzee ni kazi ya shamba. Kupogoa bila huruma, kuvuna asubuhi kabla jua halijawa kali, kukamua taratibu ili zabibu nyeusi zitoe maji meupe, na kuchanganya zabibu za mashamba tofauti mpaka zikubaliane. Hilo nalielewa kabisa na kwa hilo namvulia kofia. Jina lake lilikuja kubandikwa kwenye chupa na Moët & Chandon, zabibu za mwaka 1921, zikaingia sokoni miaka ya 1930. Kwa hiyo unaponunua hilo jina unanunua mtawa wa karne ya 17 aliyepigwa picha na watu wa biashara wa karne ya 20. Leo hii mwenye mali ni LVMH, haohao wa mabegi ya Louis Vuitton, na ukishajua hivo bei inaanza kueleweka kidogo.

Ila tuwe wa haki, sio yote ni jina.

Shampeni yoyote halali inatoka eneo la Champagne tu, hekta kama 34,000, na sheria zao ni ngumu mpaka unacheka. Zabibu lazima zivunwe kwa mkono. Kwenye kilo 4,000 unaruhusiwa kukamua lita 2,550 tu, ukizidisha hiyo sio shampeni tena. Piga hesabu, ni kama kilo moja na robo kasoro kwa chupa. Na zabibu zao zinauzwa euro sita, saba, vijiji vya daraja la juu zaidi ya hapo, kwa kilo. Kwa kilo! Afu mvinyo ukishaiva unatiwa kwenye chupa na sukari kidogo na hamira, unafungwa, unachachuka mara ya pili humo humo ndani, gesi haina pa kutokea, presha inafika zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari. Hamira ikimaliza kazi inakufa na kuwa mashapo, na hayo mashapo ndo siri ya mchezo, kadiri mvinyo unavyolala nayo ndo inavyopata ile harufu ya mkate, ya unga wa maandazi uliolala usiku ukaumuka. Shampeni ya kawaida sheria inataka miezi 15 tu humo chupani. Dom Pérignon wanailaza miaka kama minane. Yetu ni zabibu zilizovunwa mwishoni mwa Septemba na Oktoba 2013, mwaka uliochelewa kwa sababu ya baridi, ikaja kuuzwa nimeshahama nchi mbili. Na sio kila mwaka wanatoa, mwaka ukiwa mbovu wanaruka, kama 2011 hakuna kabisa.

Muda ni hela, hilo nakubali. Hela iliyolala handakini miaka minane ingeweza kuwa nyumba. Lakini hata nikijumlisha zabibu, handaki, chupa nene, kizibo, mishahara, na faida ya kutosha mtu kuvimba, sioni namna ya kufika euro 219. Moët ya kawaida ya ndugu zao haohao iko supamaketi kwa euro arobaini hivi. Hapo katikati kuna jina, kuna boksi zuri, na kuna shemeji aliyesema siku nikipata makaratasi.

Sasa tuje kwenye Jumamosi yenyewe. Mi ndo niliyeleta ukorofi. Nikasema jamani, tukiifungua hivi hivi wote tutasema nzuri kwa sababu tumeshalipa, ulimi unaogopa kusema vibaya kitu cha laki sita. Kuna watafiti California walifanya hivo, mwaka 2008 wakatoa majibu, waliwapa watu mvinyo uleule mmoja wakawaambia huu wa dola 10 huu wa dola 90, watu wakaupenda ule wa 90, na mashine ya kupima ubongo ikaonesha kweli ubongo unafurahi zaidi, sio kwamba wanadanganya. Kwa hiyo nikaleta chupa mbili za ziada. Moja ni Crémant ya Loire ya supamaketi, euro tisa na senti, hii inatengenezwa kwa njia ileile ya kuchachukia chupani ila sio ya eneo la Champagne na inalala muda mfupi. Ya pili ni shampeni ya mkulima mdogo wa kijiji cha Cramant, niliibeba mwenyewe siku ile ya safari, euro 31, zabibu nyeupe tupu.

Msabato ndo akawa hakimu. Akataka kuzivalisha chupa soksi ndefu za mpira za shemeji (zilikua zimefuliwa, tulihakikisha), lakini chupa ya Dom ina umbo lake, kiuno chembamba na makalio mapana, hata ukiivalisha dera inajulikana. Akaamua kumimina jikoni mlango umefungwa, akatuletea glasi tu, za kawaida za mvinyo mweupe, zimebandikwa namba. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe kasimama mbele yetu na kalamu na karatasi, anauliza kwa sauti ya msimamizi wa mtihani, "Namba moja, maoni?"

Namba moja nikasikia tufaa, peasi, viputo vikubwa vinapasuka kwa fujo, kautamu fulani mwishoni. Inanyweka. Namba mbili nikainusa nikakunja uso, ilikua na harufu kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, mdomoni kali, ganda la ndimu, baridi, imejikunja haitaki kuongea na mtu. Namba tatu ikanichangamsha, ndimu, chaki, kama unalamba ukuta uliopakwa chokaa jana (watoto tuliofanya huo mchezo tunajijua), na kwa mbali ule unga wa maandazi. Nikaandika namba tatu ya kwanza. Mtu wa Bukavu na ye tatu, akasema "hii njo iko muzuri, iko na nguvu." Dada akachagua mbili, akasema inanukia jiko la bibi alfajiri kabla mafuta hayajapata moto, na mi nikamshangaa maana nilichosikia mi ni kiberiti. Shemeji, mwenye shughuli, mwenye makaratasi, mwenye ndoto ya miaka saba, akachagua moja. Akachagua kwa kujiamini, akapiga meza, "hii ndo Dom hii, mnaisikia hiyo?"

Msabato akasoma majibu. Moja ni Crémant ya euro tisa. Mbili ni Dom. Tatu ni mkulima.

Jamani, shemeji alinyamaza kama mtu aliyesomewa hukumu. Dada akacheka mpaka akatoka nje kwenye baraza. Afu shemeji akasema neno ambalo nimelikubali, "basi kuanzia leo mniletee kreti za hiyo ya tisa, mmeniokolea hela."

Kwa hiyo raundi ya kwanza, wanne tumechanga laki sita na mmoja tu ndo kaipenda. Ningeandika hapo nikaishia hapo ningekua nimewapa stori nzuri sana ya kusema matajiri wanaibiwa. Lakini kulikua na kosa na kosa lilikua letu. Tumeitoa friji ilikokaa usiku kucha, na hizi za kulala miaka mingi baridi kali inazifunga mdomo. Tukaziacha mezani, tukala. Dada alikua kakaanga mihogo, kuku, na sambusa za nyama, na hapo nitoe ushauri wa bure kabisa: shampeni na mihogo ya kukaanga yenye chumvi na pilipili ni ndoa halali. Ule uchachu unakata mafuta, mafuta yanapoza uchachu, unarudia tena. Kinachoua shampeni ni keki, ambayo ndo sisi kwenye harusi zetu tunaisubiri keki ikatwe ndo tufungue. Shampeni nyingi ni brut, chini ya gramu 12 za sukari kwa lita, ukitoka kwenye keki yenye krimu unainywa unasikia ndimu tupu, unasema hawa Wazungu wana shida gani. Kama lazima keki tafuta iliyoandikwa demi-sec, hiyo ina sukari ya kueleweka.

Baada ya kama dakika arobaini Msabato, kwa hiari yake, bila kuambiwa na mtu, akazimimina tena jikoni na kubadilisha namba. Sasa sikilizeni. Crémant ilikua imekufa, maji ya tufaa. Mkulima wa Cramant kasimama palepale, mnyoofu, hajapungua wala hajaongezeka. Na kuna glasi moja nilipoinusa nikadhani kaleta chupa ya nne. Kile kiberiti kimeondoka, badala yake kumekuja korosho za kubanika, kahawa inayoanza kukaangwa kwenye chungu, ganda la chungwa lililokauka, tangawizi kidogo. Viputo vidogo mno, huvisikii vikipasuka unasikia tu mvinyo unateleza kama una uzito. Nikameza. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo ladha itaisha lini, nikafika ishirini na bado ipo, ina ka uchungu kazuri na kachumvi kwa mbali. Nikaandika hiyo namba nikapiga mstari mara mbili. Ilikua Dom. Dada na ye tena kaipata. Bukavu akabaki na mkulima wake, hata baada ya kuambiwa, "miye nabakia na ile, hii ingine iko muzuri lakini inajisikia." Inajisikia! Sijawahi kusikia uchambuzi wa mvinyo bora kuliko huo. Shemeji kachagua Crémant mara ya pili, walau ana msimamo.

Kwa hiyo swali la Dar lilijibika. Kinywaji kilikua na kitu, sisi ndo hatukukipa nafasi, tulikizika kwenye barafu tukakitia kwenye mrija wa plastiki tukakimulika taa. Hizo glasi nyembamba ndefu ni nzuri kwa picha tu, pua haiingii na harufu haina pa kukaa. Na taa za shelfu zinaharibu mvinyo kweli, sio hadithi. Kuna shampeni nyingine, Cristal ya kampuni ya Louis Roederer, iko kwenye chupa nyeupe inayoonesha ndani, na ndo maana inauzwa imevalishwa karatasi ya njano ya nailoni kuzuia mwanga. Hiyo chupa nyeupe yenyewe ni hadithi yake, ilitengenezwa 1876 kwa ajili ya mfalme Alexander wa Pili wa Urusi, aliogopa kuuawa, akataka chupa inayoonesha ndani na kitako bapa ili mtu asifiche kitu. Na kweli mwaka 1881 walimuua kwa bomu, barabarani, wala sio kwa chupa.

Kwa walioanza kujua hizi kitu kwenye video za rap, Cristal ndo ilikua mfalme mpaka 2006 bosi wake alipoulizwa kuhusu wasanii wa hip hop kuipenda akajibu jibu la dharau dharau, Jay-Z akasusa, akahamia kwenye ile ya dhahabu yenye jembe la karata, Armand de Brignac, mwishowe akainunua, na 2021 akawauzia nusu yake haohao LVMH. Sijainywa na sina haraka. Krug, shampeni nyingine ya bei, nimewahi kupewa nusu glasi kazini, baada ya mteja kuacha chupa, na hiyo nitasema bila aibu iliniyumbisha kuliko Dom siku ya kwanza, ile unaisikia tangu puani kwamba hapa kuna jambo. Wao wanachanganya mvinyo zaidi ya mia moja wa miaka tofauti kwenye chupa moja, na bei ni zilezile za kina Dom. Ila nusu glasi ya bure haina maumivu, na mvinyo usio na maumivu unapimwaje?

Sasa, Dom ni nzuri. Ni nzuri kweli. Je ni nzuri mara saba kuliko ya mkulima wa euro 31? Hapana, na mtu akikuambia ndio muulize analipwa na nani. Kwa ulimi wangu ni nzuri mara moja na nusu, tena baada ya dakika arobaini, kwenye glasi ya maana, na mihogo. Tuligawana tukapata kila mmoja glasi moja na nusu, kila funda ni kama euro nne, na kuna mafunda niliyameza huku namsikiliza Msabato akielezea mechi.

Ukitaka shampeni ya kweli bila kuumia, geuza chupa utafute herufi ndogo sana kwenye lebo, RM. Maana yake aliyelima ndo aliyetengeneza. NM ni kampuni inayonunua zabibu kwa watu, na karibu majina yote makubwa ni NM. Sio kwamba NM ni mbaya, ila kwenye RM hela yako haijapita kwenye matangazo. Tafuta za vijiji kama Cramant, Avize, Ambonnay, Bouzy, euro thelathini mpaka arobaini unakuwa mfalme. Na kwa walioko Dar au Nairobi ambako ushuru unafanya shampeni iwe matusi, zile za Afrika Kusini zilizoandikwa Cap Classique zinatengenezwa kwa njia ileile ya chupani, Graham Beck ndo iliyofunguliwa Mandela alipoapishwa 1994, na mi nainywa bila kuona nimepungukiwa. Usiirushe kizibo. Shika kizibo, zungusha chupa, itoke pole kama baiskeli inayopoteza upepo. Ile ya kupiga paaa na kumwagia watu ni kumwaga euro nne nne ukutani.

Kuna kitu kingine nilitaka kukiacha ila siku yenyewe ilikua ya makaratasi kwa hiyo kilisemwa mezani. Mavuno ya 2023 huko huko Champagne, kijiji kinaitwa Nesle-le-Repons, walikutwa vibarua zaidi ya hamsini, wengi wametoka Mali, Senegal, Mauritania, Ivory Coast, wengi hawana vibali, wamelazwa kwenye jengo bovu chafu na kazi ni kuchuma kutwa. Julai 2025 mahakama ya Châlons ikasema huo ni usafirishaji haramu wa binadamu na mwenye kampuni iliyowaleta akahukumiwa kifungo. Ilikua kampuni ya kutafuta vibarua, sio hao wa Dom, nisimsingizie mtu. Lakini shemeji aliwahi kuitwa kwenda mavuno mwaka mmoja, hana makaratasi, akakosa nauli hakwenda. Alikua anaishika glasi anaiangalia tu. Kilo euro saba, alisema, na aliyeichuma kalala chini.

Jumapili nikampigia mzee Dodoma kwa video. Nikamuonesha chupa tupu, ngao ya lebo, kila kitu. Nikamwambia baba, jana nimekunywa Dom. Akasema "Dompo?" Nikasema sio Dompo baba, Dom Pérignon, ya Ufaransa. Hajali. Anaijua Dompo, tamu, kali, ya kwetu, glasi mbili unaimba. Nikaanza kumuelezea mtawa, mahandaki, miaka minane, akawa anaangalia pembeni, kuna mbuzi alikua anamsumbua. Hakuuliza ladha, hakuuliza bei ya chupa. Akauliza moja tu:

"Na zabibu kilo wanauzaje?"

Nikamwambia, baba, nyie huko kwetu mnanunuliwa kilo haifiki elfu mbili, wenzenu ni euro saba, piga elfu ishirini. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata. Afu akasogeza simu mpaka nikawa naona sikio tu.

"Hebu rudia."